Padi ya Ndani

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika spana. Nilifika karakana ya kampuni kule Industrial Area, Nairobi, saa moja kasorobo asubuhi, nimevaa ovaroli mpya ambayo bado ilikuwa na mikunjo ya dukani, na foremani akaniambia nikae juu ya debe nitazame. Alikuwa mzee wa Kihindi, mfupi, miwani yake imefungwa kwa waya upande mmoja. Nilikaa juu ya debe hilo hadi saa saba mchana, ndipo akaja kuniuliza nimeona nini.

"Nimeona mafundi wakifungua breki," nikasema.

"Hiyo kila mtu naona. Ile gari ya pili, fundi nasahau nini?"

Akanirudisha kwenye debe.

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa nimetoka Machakos na cheti cha ufundi, nikiishi Makongeni kwa mjomba wangu, karani wa reli. Kampuni yetu ilisambaza majani chai. Ilikuwa na malori, na magari madogo ya wauzaji waliozunguka nchi nzima. Malori yalitumia breki za drum, yaani ngoma ya chuma inayozunguka na gurudumu, na ndani yake viatu viwili vinavyopanuka ukikanyaga pedali. Kazi hiyo niliijua mpaka nikawa naweza kuifanya nikipiga hadithi.

Kisha yakaanza kuingia magari madogo yenye breki za diski, nasi tukajifunza upya. Ninyi mmezaliwa mkizikuta, lakini acheni nieleze. Diski ni sahani ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu. Juu yake imekaa kalipa, mfano wa kiganja kilichoshika sahani hiyo, na ndani ya kalipa mna padi mbili: moja upande wa nje unaouona, nyingine upande wa ndani, karibu na injini. Ukikanyaga pedali, mafuta ya breki yanaisukuma pistoni, na padi zinaibana diski pande zote mbili.

Nilipelekwa depo ya Nakuru miaka mitatu, chini ya Meneja wa Depo ambaye hakuwa na habari na breki ila alichukia alama ya grisi kwenye fomu zake. Huko ndiko nilikojifunza kunawa mikono kabla ya kushika kalamu. Niliporudi Nairobi nilikuwa nimeoa, tumepata nyumba mtaa wa Jericho, na nikapandishwa cheo kuwa Mkaguzi wa Magari. Hakuna gari lililotoka bila sahihi yangu.

Mkubwa wangu sasa alikuwa Msimamizi wa Karakana, mtu mrefu aliyesema polepole kana kwamba kila neno analipima. Alinipenda kwa sababu nilikuwa mwepesi. Nilikuwa nachuchumaa na taa, namulika kwenye matundu ya rimu ya gurudumu, naiona padi, natia sahihi. Mafundi waliniita Macho. Jina hilo nililipenda kuliko nilivyokubali.

Jericho tulipakana na Mwalimu Nekesa, mama wa watoto watatu aliyefundisha shule ya msingi karibu nasi. Mume wake alikuwa amefariki mwaka uliotangulia na kumwachia gari dogo la Kijapani. Watu walimshauri aliuze. Yeye akajifunza kuendesha.

Jumamosi moja asubuhi, shule zikiwa zimefungwa, alinikuta nikinywa chai mlangoni.

"Baba Mwende, samahani nikukatize chai. Jumatatu nawapeleka watoto Kakamega kwa nyanya yao. Hebu niangalizie breki."

Nilichukua taa yangu, nikachuchumaa, nikamulika gurudumu la kulia, kisha la kushoto. "Padi zako bado nene, Mwalimu. Safari njema."

Hakuondoka. "Nasikia sauti nikipunguza mwendo. Kama kijiko kikikwaruza sufuria."

"Hilo ni vumbi tu."

"Pengine. Lakini naenda kuteremka ule mlima wa Bonde la Ufa na watoto wote niliojaliwa. Nifundishe kufungua nijionee."

Nilitaka kukataa. Mke wangu, aliyekuwa akisikiliza kutoka jikoni, akasema, "Baba Mwende, si ufundishe tu? Leo huna kazi." Basi nikaingia ndani kutoa jeki na sanduku la spana, nikijiambia namridhisha mama wa watu.

Nilimwachia afanye yote kwa mikono yake. Alivuta hendibreki, akaweka mawe nyuma ya magurudumu ya nyuma, akalegeza nati za gurudumu la kulia gari likiwa bado chini, kwa sababu ukiliinua kwanza gurudumu litazunguka nawe. Kisha akapiga jeki. Nilimfundisha asiamini jeki hata kidogo, na tukaegemeza gari juu ya kigogo kinene cha mti. Majirani wakaanza kukusanyika.

"Sasa, Mwalimu! Siku hizi wewe ni makanika?" akapaza sauti kijana mmoja wa mtaa.

"Wewe njoo na daftari uandike," akajibu bila kuinua kichwa.

Alitoa gurudumu, akafungua bolti ya chini ya kalipa, akaiinua juu kama kifuniko na kuzichomoa padi. Nilikuwa nimegeuka kuwaambia watoto wasogee nyuma aliponiita.

"Baba Mwende, hizi mbili zinatakiwa kulingana?"

Nikaangalia mikononi mwake. Padi ya nje ilikuwa nene kama nilivyosema. Ya ndani ilikuwa imeisha. Kwenye pembe moja chuma kilikuwa kimeanza kung'aa.

Nilishika kalipa nikajaribu kuitelezesha, haikutoka mahali pake. Kalipa ya aina hiyo hutembea juu ya pini mbili, na pini moja ilikuwa imeshika kutu. Kwa hiyo pistoni iliilemea padi ya ndani peke yake, huku ile ya nje, ambayo ndiyo pekee taa yangu iliweza kuifikia, ikibaki kama mpya.

"Sauti ilikuwa hiyo?" akauliza.

"Ndiyo hiyo, Mwalimu. Nisamehe. Nilikudanganya bila kujua."

Alinitazama kidogo. "Basi niambie tunafanya nini sasa."

Tulifungua na gurudumu la kushoto, padi zake zote mbili zikawa nzima. Kisha akapanda basi hadi maduka ya spea ya Kirinyaga Road, akarudi na padi mpya za magurudumu yote mawili ya mbele. Aliuliza kwa nini abadilishe za kushoto ilhali zilikuwa nzima. Nikamweleza kwamba ukibadilisha upande mmoja gari litavutia upande ukikanyaga breki. Wakati yuko mjini nilikuwa nimetoa ile pini, nikaisugua na kuipaka grisi ya kustahimili moto. Tulipangusa vumbi kwa kitambaa chenye maji, tusilivute puani. Alifungua kifuniko cha mafuta ya breki, akairudisha pistoni ndani taratibu kwa jiriwa ndogo, kalipa ikiwa imefungwa kwa waya isining'inie kwa mpira wake wa mafuta. Padi zikaingia. Mwisho nikamwambia jambo ambalo wengi husahau: kabla ya kuondoa gari, kanyaga pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu. Ukisahau, mguu utazama hadi sakafuni na gari litaendelea na safari yake.

Jumatatu alfajiri alipita mbele ya nyumba yangu, watoto wakipunga mikono. Mimi nilikuwa nimeamka kabla yao. Sikuwa nimelala vizuri tangu Jumamosi, kwa sababu nilikuwa nikiyakumbuka magari yote niliyoyatilia sahihi kwa taa ile ile.

Nilimkuta Msimamizi akifungua ofisi. Nikamwambia kila kitu nikiwa nimesimama.

"Umekagua mangapi kwa njia hiyo?" akauliza.

"Yote, mzee. Tangu nipewe cheo."

"Nani amegundua?"

"Mwalimu wa shule ya msingi. Jirani yangu."

Nje mafundi walikuwa wameanza kugonga vyuma. Nilikuwa na watoto wawili na wa tatu njiani, na nilikuwa tayari nimeshapanga maneno ya kumwambia mke wangu.

"Kama ungeniletea habari hii baada ya ajali, ningekufukuza," akasema. "Umeileta kabla. Yaite magari yote. Na kuanzia leo gurudumu linatoka."

Tuliyaita. Mengi yalikuwa salama. Moja, la muuzaji wa upande wa Narok, lilikuwa na padi ya ndani iliyoisha kabisa, na dereva wake alikuwa amekwisha kujaza tangi aondoke. Alilalamika sana kwa kucheleweshwa. Nilipomwonyesha ile padi akaketi juu ya buti la gari na kuvua kofia.

Baada ya hapo nilikuwa mkaguzi wa polepole, na hakuna aliyeniita Macho tena. Jumamosi nyingi pale Jericho nilikuwa nje na majirani, kila mmoja akifungua gari lake mwenyewe, mimi nikinywa chai na kuuliza maswali. Mwalimu Nekesa mara nyingi ndiye aliyekuwa akiwajibu.

Nilistaafu kwa amani, na vidole vyote kumi. Mwezi uliofuata Mwalimu alikuja kutualika Kakamega kwenye harusi ya binti yake mkubwa, akasema tutakwenda kwa gari lake. Mke wangu alikaa nyuma, mimi mbele. Tulipoanza kuteremka Bonde la Ufa nilijikuta nakanyaga sakafu kwa mguu wa kulia kila tulipofika kona.

"Baba Mwende," akasema Mwalimu, macho barabarani, "huko kwako hakuna pedali."

"Padi ulibadilisha lini?"

"Juzi. Za ndani na za nje."

Nikaegemea kiti. Nilipofumbua macho tulikuwa tunaingia Nakuru, na wanawake wale wawili walikuwa wakizungumza kwa sauti ya chini wasiniamshe.