Shemeji Asiyejua Watu

Fundi wetu wa kompyuta hagusi kibodi kabla hajakunja mikono ya shati, na husema na mashine kama mtu anavyosema na shemeji mlevi. Jana mashine kuu, inayopokea nywila za kompyuta zote ofisini, ilikuwa imemkana karani wa mapokezi: asubuhi ilimfahamu, mchana ikadai hakuna mtu wa jina hilo. Meneja alishikilia kwamba karani anasahau nywila, na akisahau tena atafute kazi kwingine.

"Shemeji, dada huyu humjui?" fundi aliuliza, akigonga meza kwa kidole. Kisha akaniketisha kwenye kompyuta ya jirani. "Ingieni kwa pamoja." Tukabonyeza. Mimi nikapokelewa, karani akakanwa.

"Wakibisha hodi wawili, shemeji humsahau mmoja," fundi akasema. "Bosi, hebu jaribu na karani."

Karani akaingia. Meneja akabaki nje, akisoma kwamba hakuna mtu wa jina lake.