Maji ya Kumwogeshea Paka

Kwetu paka hakuwa na jina. Aliitwa paka, kama jembe linavyoitwa jembe, na kazi yake ilikuwa panya. Alilala jikoni kwa mama, kwenye jivu kando ya mafiga. Kwa hiyo mwalimu alipotangaza kwamba mwaka huo kwenye maonyesho ya kilimo mjini Meru wanafunzi wangeshindanisha wanyama wa nyumbani, akataka wanaofuga paka wainue mikono, mimi nilichelewa kidogo. Sikuwa na hakika kama sisi ndio tuliomfuga yule paka au yeye ndiye aliyetufuga.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, nami nilikuwa darasa la sita. Mwalimu alinijazia fomu mezani pake. Umri, nikakisia miaka mitatu. Rangi, kijivu. Hapo sikukisia. Ningeapa mbele ya kanisa zima kwamba paka wetu ni wa kijivu.

Tulipewa majuma matatu na masharti. Paka azoee kushikwa na wageni, asiwe na viroboto, makucha yapunguzwe, na aogeshwe siku mbili kabla ya maonyesho. Kushikwa ndiko kulikonisumbua, maana wetu alijua mikono ya aina moja tu, ile inayomfukuza kwenye maziwa. Basi kila jioni nilikaa jikoni nikimpapasa, akiwa amenuna, na ndipo kwa mara ya kwanza nilipokaa humo muda mrefu kama alivyokaa mama.

Jiko letu lilikuwa kijumba cha peke yake, kuta za udongo, mlango mmoja, dirisha hakuna. Darini kulikaa kuni na mahindi ya mbegu. Mama alikohoa miaka yote niliyomjua, na macho yake yalikuwa mekundu hata Jumapili. Sijui ni mara ngapi alimwomba baba atoboe dirisha. Baba hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mbishi tu, na ubishi huo nimeurithi wote. Alisema moshi ndio unaofukuza fukusi kwenye mahindi, na kwamba mama yake mwenyewe alipika kwenye jiko kama hilo maisha yake yote. Nyanya alikufa kwa kifua, lakini nani angethubutu kumkumbusha?

Siku ya tatu macho yaliniwasha mpaka nikaomba ruhusa ya kumpapasa paka nje. Mama alicheka, akaniambia niende zangu, yeye hana pa kuhamia.

Tulimwogesha Alhamisi. Mama alimviringisha miguu kwa gunia kuukuu, akamshika kisogoni, nami nikasugua kwa sabuni ya kipande. Paka alilia kama mtoto anayenyolewa. Maji ya karai la kwanza yakawa meusi. Tukamwaga. La pili likawa jeusi vilevile. Katika karai la tatu mkononi mwangu akatokea paka mweupe pe, mwenye doa moja dogo la kahawia mkiani.

Baba alikuwa akitoka kukamua. Akasimama na ndoo yake, akauliza huyo ni paka wa nani. Mama aliinamia karai. Alikuwa akiyatazama maji.

"Huyu ana miaka mitatu tu humo ndani," alisema. "Mimi nina kumi na sita."

Baba akayatazama na yeye, kisha akaenda zake na maziwa.

Ili paka asichafuke tena, nilimfungia sebuleni, kwenye kiti cha baba chenye kitambaa. Paka akapata sebule, mama akarudi jikoni. Nililiona hilo na likaniudhi, lakini nilitaka kushinda.

Jumamosi baba alinisindikiza, akisema anakwenda kuangalia mafahali. Lakini hakuondoka mezani petu. Mwamuzi alikuwa daktari wa mifugo, amevaa koti jeupe. Akasoma fomu, akamtazama paka, akasoma tena. Iliandikwa kijivu, na huyu ni mweupe. Akaniuliza nimemwazima kwa nani. Nikasema nimemwogesha. Akacheka, na watu wakacheka, akaeleza kwamba sabuni haibadilishi rangi ya paka. Akashika kalamu kunifuta.

Baba alikuwa mzee wa kanisa, na nusu ya waliosimama pale walimjua. Angeweza kunyamaza; kwani paka ni nini? Akavua kofia.

"Daktari, mtoto hadanganyi. Hii paka inalala jiko kwangu, na hiyo jiko haina dirisha."

"Na nani anapika huko?"

"Ni mama watoto."

Daktari hakucheka tena. Alifuta kijivu, akaandika nyeupe. Mficha uchi hazai, ndiyo, lakini mimi nilimwonea baba haya mpaka masikio yakanichoma, na sikumbuki siku nyingine niliyompenda kiasi hicho. Tulikuwa wa nne kati ya watano. Wa tano alitoroka.

Jumatatu baba alichukua sururu akatoboa ukuta wa jiko, upande huu na upande ule. Mama alisimama nje na sufuria yake mkononi, hakumsaidia wala hakumshukuru. Alipomaliza, mama aliingia, akawasha moto, na paka akarudi jivuni kwake. Moshi ukatoka polepole kama usioamini njia.

Chai ilipoiva nilinyanyua kikombe cha baba nikipeleke sebuleni, kama kawaida.

"Acha," mama akasema. "Mwambie akuje akunywe hapa."

Baba akaja, akainama mlangoni, akaketi. Hajamaliza hata nusu ya kikombe, akaanza kukohoa. Mama alimwacha akohoe kidogo. Kisha akamsogezea kigoda karibu na dirisha.