Upande wa Kulia Juu

Nina rafiki Mjapani. Alifundisha hesabu sekondari hapa Dodoma, akapanga chumba nyumba ya pili kutoka yetu pale Makole, na hadi anaondoka alikuwa akimpa mama yangu shikamoo bila kukumbushwa. Mwaka jana ofisi iliponipeleka Japani kwenye mafunzo mafupi, aliniandikia: "Dada, ukimaliza usikimbilie ndege. Kaa kwetu siku chache. Mama anataka kukuona."

Mama yake alikuwa kwenye majonzi. Mume wake alifariki majira ya baridi yaliyotangulia. Kwa desturi yao, katikati ya majira ya joto kuna siku ambazo marehemu hurudi nyumbani kuwatembelea jamaa zao, na jioni ya kwanza huwashwa moto mdogo mlangoni ili wasipotee njia. Mwaka huo mzee yule angerudi kwa mara ya kwanza, na mimi nilialikwa jioni hiyo hiyo. Mimi ni Mwislamu wa Kondoa, imani yangu ni nyingine, lakini msiba ni msiba. Nilitaka sana mama yule anione mtu mwenye adabu. Nililitaka hilo kuliko cheti cha mafunzo.

Asubuhi ya siku hiyo rafiki yangu alinipeleka Kyoto, mji wenye mahekalu mengi, kwenye duka linalokodisha mavazi ya asili kwa watalii. Kisha akarudi kwao kusaidia kupika. "Jioni panda treni, fuata ramani ya simu. Nyumba yetu haipotezi mtu."

Vazi lenyewe huitwa yukata. Ni kanzu ya pamba nyepesi, ndefu, mikono mipana, haina kifungo hata kimoja. Unaleta upande mmoja kifuani, unaufunika na wa pili, unakaza kwa kamba, halafu unazungusha mkanda mpana. Kama umewahi kujifunga khanga, umeshaelewa nusu ya kazi. Yangu ilikuwa ya bluu iliyoiva, ina maua meupe, na mtandio wangu ulikubaliana nayo vizuri. Mabinti wa dukani walinifunga huku wakicheka na kunisifia. Fundo kubwa la nyuma lilikuwa limeshatengenezwa, wao wakalichomeka tu, wakanipa na viatu vya mbao.

Nilitembea mahekaluni mchana kutwa. Joto la Dodoma linakukausha. Lile linakuchemsha kama kiazi. Jioni ilipokaribia niliingia choo cha stesheni kujipangusa jasho, na hapo kwenye kioo nikaona jambo: upande wa kushoto ndio uliokuwa juu, wa kulia umefichwa chini.

Naomba unielewe nilivyofikiri, maana sikufanya mzaha. Kwetu kulia ndiko kwenye heshima. Unakula kwa kulia, unapokea kwa kulia, unaingia msikitini kwa mguu wa kulia. Nikajiambia mabinti wale walikuwa na haraka, wamemfunga mgeni ovyo ovyo, naye anakwenda kwa mjane. Nikachomoa fundo, nikafungua, nikaweka kulia juu, nikakaza. Nilijitazama nikaridhika.

Kwenye treni bibi mmoja alinionyesha kifua chake kwa kidole, kisha changu. Nilidhani anasifia maua, nikainamisha kichwa kumshukuru. Barabarani muuza matunda alinikimbilia akipunga mikono yote miwili. Nikadhani ni biashara. Nikamtabasamia, nikapita.

Mama wa rafiki yangu alikuwa amechutama mlangoni, akichochea vijiti vilivyowaka kwenye sahani ya udongo. Aliposikia viatu vyangu vya mbao aliinua uso akitabasamu. Macho yakashuka kifuani kwangu, tabasamu likaondoka. Akakaa chini pale pale kwenye mawe.

Rafiki yangu alitoka ndani na mwiko mkononi. "Dada! Nani amekufunga hivyo?"

"Nimejifunga mwenyewe. Nimeweka kulia juu, kwa heshima ya mama."

Akasema kwa sauti ya chini, "Kulia juu hufungwa maiti tu, dada. Baba tulimvika hivyo hivyo. Mama ndiye aliyemfunga."

Mtoto wa Kondoa anajua sanda ni nini. Nilisimama mbele ya ule moto, moto wa kumpokea marehemu, nimevaa kama yeye. Nilitamani nirudi stesheni kwa miguu.

Mama yule aliinuka mwenyewe. Alinishika mkono wa vazi, akanivuta chumba cha ndani, akafungua mkanda. Akaleta kulia, akafunika na kushoto. Alipomaliza aliendelea kupapasa ule mkunjo wa kifuani, kuunyoosha, ingawa ulikuwa umeshanyooka. Alisema sentensi moja, binti yake akanitafsiria akiwa mlangoni: "Anasema leo alikuwa anamsubiri mtu. Alipoona vazi, alidhani ndiye."

Nilikula chakula chao nikitazama bakuli.

Niliporudi Dodoma nilikwenda soko la Majengo kumtafutia mama yule zawadi. Muuzaji alinimwagia khanga mezani.

"Sitaki khanga," nikamwambia. "Nipe kitenge. Kisiwe na neno hata moja."

"Khe! Wifi yangu, unamwogopa nani?"

"Nimeshasema ya kutosha."

Akacheka. Nikachagua cha bluu, nikakituma.

Juzi rafiki yangu alipiga simu. "Mama amekipenda, dada. Ila hajakivaa. Anauliza upande gani unakaa juu. Hataki kukosea."

Swali hilo hilo ningeweza kumwuliza yule bibi wa kwenye treni, hata kwa vidole. Nilitoka uani na simu mkononi. Mama yangu alikuwa anapepeta mchele.

"Mama, kitenge unakifunga upande gani juu?"

"Upande gani wa nini?"

"Kulia au kushoto?"

Aliweka ungo chini, akasimama, akakifungua cha kiunoni na kujifunga tena. Kushoto kukaja juu. Akajitazama kwa mshangao, akafungua, akafunga mara ya pili. Kulia kukaja juu. Akaniangalia kana kwamba nimeugua.

"Mwanangu, mimi naangalia kisidondoke tu. Nani kakwambia kuna upande?"

Rafiki yangu alikuwa bado hewani, anasubiri jibu la kumpa mama yake, ambaye alikuwa amekaa na kitenge mapajani, hajakitia mwilini mpaka aambiwe.