Gari la Mikate la Fundi Octave

Fundi Octave wa Kasenga, mjini kando ya ziwa, alipima kila kitu kwa mita ya kitambaa iliyoning'inia shingoni mwake, hata vitu visivyovaa nguo. Baba yake alipofariki, alilipima jeneza, akasema seremala amelibana mabegani, akalirudisha likatengenezwe upya. Kwa hiyo, mwezi wa nne wa mwaka 1964, alipoonekana akichuchumaa ndani ya magari ya watu, akinyoosha mita kutoka mlango hadi mlango na kuandika tarakimu kwa chaki kwenye suruali yake, hakuna aliyeshangaa. Walichouliza ni jambo moja tu: fundi wa mashati anataka gari la nini?

Alilitaka kwa ajili ya mtu ambaye hakuwa amemtazama usoni kwa miaka kumi na minne.

Huyo alikuwa mama wa mkewe Pétronille, mjane wa Bwegera, kule bondeni kwenye mashamba ya mpunga. Kwao, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani, hawali sahani moja, na mwanamume halitamki jina la mama huyo hata akiwa peke yake. Octave alimwita "yule wa Bwegera". Kila mavuno yule wa Bwegera alimpelekea mchele uliopepetwa mpaka ukawa kama shanga. Kila Noeli Octave alimshonea gauni, akikisia kipimo kwa kumpima Pétronille na kuongeza kidogo. Hayo yalikuwa mazungumzo yao yote.

Sasa vijana wa bondeni walikuwa wamechukua mikuki na mapanga dhidi ya serikali. Malori ya abiria yalikuwa yameacha kwenda huko. Mama mzee alikuwa na nyonga mbovu, hata kisimani alipelekwa akiwa ameshikwa mkono. Wengine wangekimbia. Yeye angekaa.

"Tumuchukue mama," alisema Pétronille.

"Nitatafuta gari la kukodi, weye uende na mutoto mudogo."

"Na barabara ikifungwa? Minye mwenyewe na mutoto Spès tutakuwa kule, na watano watakuwa huku. Ukienda weye, ni vile vile. Baba Claire, tunaenda wote na tunarudi wote, ama hakuna mwenye anaenda."

Watu tisa, pamoja na mzee. Na gari la kukodi halikuwepo tena, kwa sababu wenye magari waliyaficha au waliyauza. Basi Octave aliwakalisha watoto wote kwenye benchi ya karakana yake, Claire mwenye miaka kumi na mitatu mwanzoni, akawapima viuno wakiwa wamekaa.

"Muntu akikaa anapanuka," aliwaeleza. "Siwezi kununua gari ya watu wenye wamesimama."

Ilipofika zamu ya Pétronille, alikaa akashika mkono wa mumewe uliokuwa na chaki.

"Hiyo usiandike."

"Gari itajuaje?"

"Gari itajua nikipanda. Suruali yako inapita sokoni kila siku."

Akaiandika upande wa ndani wa mfuko.

Magari ya kuuzwa yalikuwa matatu. Octave aliwahi kuendesha lori la pamba kwa miaka miwili kabla ya kushika cherehani, lakini ya mota hakuyajua sana, kwa hiyo alimchukua rafiki yake Antoine, mtengeneza magari, mtu wa mafuta mpaka kwenye nyusi.

La kwanza lilikuwa Peugeot nyeusi ya karani Déogratias, inayong'aa kiasi kwamba ungeweza kunyoa ndevu mbele yake. Octave aliizunguka mara mbili. Aliketi, akashika usukani, akauacha taratibu kama mtu anayeshusha mtoto aliyelala. Alijiona akifika kanisani. Kisha akatoa mita.

"Nyuma wanaingia watatu," alisema. "Wanne wakiwa wembamba. Mbele wawili."

"Na wengine?" aliuliza Antoine.

"Wengine watabaki wakiiangalia ikienda."

Akaipangusa alama za vidole vyake kwa kiwiko cha shati.

La pili lilikuwa kamionete ya Georgette, muuza samaki wakavu: kichwa chenye viti viwili mbele, na nyuma sanduku wazi la mbao. Ilikuwa na nguvu, na bei yake ndiyo ilikuwa ndogo kuliko zote.

"Nyuma wanaingia kumi na tano," alisema Georgette. "Nilishabeba kwaya nzima, na ngoma zao."

Octave alipima, akakuta ni kweli. Lakini aliona vumbi la Bwegera, aliona jua, aliona mama wa mkewe akirushwarushwa kati ya mbao kama gunia la mihogo.

"Mama mukwe wangu si samaki," alisema.

"Samaki wangu hawakulalamika hata siku moja," alijibu Georgette.

La tatu lilikuwa kombi ya mwoka mikate, Mgiriki mzee aliyekuwa anafunga tanuri ili ahamie Bujumbura. Juu nyeupe, chini kijani, imefifia kama nguo iliyofuliwa sana. Ndani hakukuwa na kiti hata kimoja nyuma ya dereva. Ilikuwa imebaki harufu ya mkate tu, nzito na tamu, iliyokuwa imeingia mpaka kwenye bati. Octave alilala chali sakafuni akajinyoosha. Miguu yake haikugusa mlango.

"Benchi mbili," alisema akiwa amelala. "Moja ya karakana, nyingine nitaazima kwa jirani. Na mbele kuna kiti cha soponji. Hicho cha mzee."

Antoine alisikiliza mota ikinguruma, akasema ni ya kuzeeka lakini si ya kufa. Mgiriki hakutaka faranga za Kongo, kwa kuwa ng'ambo zisingemsaidia. Alitaka kitu chenye uzito. Octave alikuwa na cherehani mbili, ya kushonea mwenyewe na ya kufundishia Claire. Alimtazama Claire. Claire aliifunika ile ya kwake kwa kitambaa, akaibeba mwenyewe mpaka kwa Mgiriki, akarudia mara tatu kumweleza jinsi ya kuitia mafuta.

Waliondoka asubuhi ya Jumamosi. Pétronille alikaa mbele na Spès, watoto watano nyuma wakinusa bati na kuulizana nani anasikia njaa. Barabara ilikuwa tupu. Pale Sange walikutana na watu wenye magodoro vichwani, wakielekea walikotoka wao. Hapakuwa na kizuizi. Kabla ya saa tano walifika Bwegera, na Octave akaligeuza gari uani ili mlango wa mbele, wenye kiti cha soponji, uelekee moja kwa moja kwenye mlango wa nyumba. Akashuka, akaenda kusimama nyuma ya jiko, mgongo kwa nyumba, kama ilivyompasa.

Mama mzee alitoka akiwa amejifunika kitambaa kichwani mpaka kidevuni, ameshikwa na Claire. Akapapasa kiti cha soponji. Akauliza jambo moja.

"Na kule karibu na kiti hiki, anakaa nani?"

Claire aliutazama usukani.

Ndipo Pétronille aliposhika mdomo wake. Kwa wiki nzima yeye alikuwa amewaza barabara. Octave alikuwa amewaza viuno. Walikuwa wamempa mama kiti bora kuliko vyote, bega kwa bega na mkwe wake.

"Utakaa nyuma, mama! Nyuma na watoto."

Mama mzee alipelekwa nyuma. Aliinua kitambaa kidogo sana, akaona kioo cha dereva kinaning'inia juu, na ndani ya kioo kipande cha ua wake mwenyewe. Akakishusha kitambaa.

"Kile kioo kitakuwa kinaniangalia njia yote. Claire, mwambie baba yako ninashukuru. Minye nabaki."

"Mama, vita!"

"Nimesikia. Nimekaa na heshima yangu miaka yote hii, siwezi kuja kuivua njiani kwa sababu ya nyonga."

Akarudi ndani akishikwa na Claire, na Pétronille akawafuata akilia kwa hasira, akasema wakati wa vita mila inalala. Mama alisema mila inayolala hivyo haikuwa imeamka hata siku moja. Nyuma ya jiko Octave alisikia yote. Alijua kwamba kamionete ya Georgette, pamoja na vumbi lake lote, ilikuwa na kichwa chake na ukuta wake nyuma ya dereva, na kwamba mzee angepanda ile bila neno. Alikuwa amepima urefu, upana na kimo. Mwisho wa barabara, upande wa kaskazini, moshi ulikuwa unapanda mahali pasipo na jiko.

Alikuja akipita mbali na nyumba, akakifungua kile kioo kwa bisibisi, akakitia mfukoni.

"Claire," alisema kwa sauti ya kusikika, "muulize kama mule ndani kuna kitambaa kipana. Nikishona ukuta kati yetu, atapanda?"

Claire alirudia swali mle ndani. Kisha sanduku la bati likafunguliwa, na Claire akatoka amebeba kitenge cha bluu chenye ndege wa manjano, kimekunjwa, mikunjo imekuwa myeupe kwa miaka. Octave alikitambua kabla hakijafunguliwa. Ndicho alichokileta mwenyewe alipokuja kuposa, kitambaa cha mama wa bibi harusi. Pindo alilipinda kwa mkono usiku kucha, kwa sababu wakati ule hakuwa na cherehani. Hakikuwa kimevaliwa hata mara moja.

"Anasema hicho kinatosha," alisema Claire.

Octave alitoa sindano iliyokaa daima kwenye kola yake. Alifunga kamba kutoka upande hadi upande nyuma ya viti vya mbele, akashona kitenge juu yake kwa mishono mirefu, na chini akakipigilia kwenye benchi. Alichukua robo saa. Ilikuwa kazi mbaya kuliko zote alizowahi kuzifanya. Mama mzee akapanda.

Kurudi, barabara haikuwa tupu tena. Kabla ya Sange gogo lilikuwa limelazwa njiani, na vijana kama kumi wamesimama na mikuki, majani yamefungwa vichwani. Mkubwa wao, mwenye shanga shingoni, alikuja dirishani kwa Octave.

"Mwenye gari ni muntu wa serikali."

"Minye fundi wa nguo. Hii ni gari ya mikate."

Kijana alinusa, akasitasita, kwa sababu harufu ilikuwa ya kweli. Kisha akaliona pazia.

"Unaficha nani? Askari?"

"Mama mukwe wangu."

"Kila muntu ana mama mukwe leo," alisema kijana, na wenzake wakacheka. Akaingiza mkono dirishani, akakamata ukingo wa kitenge nyuma ya bega la Octave.

Pétronille alimkumbatia Spès. Octave hakuushika ule mkono wala hakusihi. Aligeuza uso wake wote kwenye kioo cha mbele, akafumba macho, akaweka kiganja juu yake, kama mtoto anayejificha. Mikuki ilikuwa pande zote, naye alikuwa anajichunga asimwone mwanamke mzee.

Mkono wa kijana ukasimama.

Sauti ikatoka nyuma ya pazia, kwa Kifuliiru, lugha ya kule bondeni, taratibu: "Wewe ni mtoto wa nani?"

Kijana alimtaja baba yake.

"Una mke?"

"Ninaye, mama."

"Na mama yake mkeo, unamfunulia pazia hivi?"

Aliachia kitenge. Mmoja wa wenzake alianza kucheka, akatazamwa, akaacha. Mkubwa alizunguka mbele ya gari, akaenda kuugonga mlango wa ubavuni kama anayebisha hodi nyumbani kwa watu. Claire alimfungulia. Aliona watoto watano, kuku mmoja, sanduku la bati, na bibi aliyejifunika. Alisalimia kwa kuinama, akaufunga mlango polepole.

"Ondoeni muti," aliwaambia wenzake. Kwa Octave alisema tu: "Fungua macho, fundi. Unaendesha gari."

Walipita Sange. Ziwa lilipoonekana, pazia lilitikisika kidogo.

"Mkwe," ilisema sauti.

Lilikuwa neno la kwanza kabisa. Octave alikaza usukani.

"Nasikia, mama."

"Punguza mwendo. Kuku anatapika."

Mwezi uliofuata mji uliangukia mikononi mwa waasi, na gari la mikate lilichukuliwa, kama magari mengine yote. Octave hakubishana. Aliomba dakika chache tu, akaingia na mkasi, akafumua ile mishono mirefu mmoja mmoja, akatoka na kitenge begani. Kombi ilipanda kuelekea Fizi na haikuonekana tena.

Kitenge alikitundika kati ya karakana na chumba cha nyuma, safari hii kwa mishono midogo. Upande mmoja yeye na Claire walipokezana cherehani moja. Upande wa pili mama mzee alichambua maharage, nyonga yake juu ya mto. Waliishi hivyo miaka saba, na watu waliokuja kupimwa nguo walizoea kusikia ukuta wa ndege wa manjano ukitoa maoni kuhusu bei ya samaki.

Siku moja ya mvua, wateja hawapo, mama mzee alimwita.

"Mkwe, ile gari yako ilikuwa ya rangi gani? Nilijifunika tangu mlangoni. Nje sikuiona hata kidogo."

Octave alisimamisha cherehani.

"Chini kijani, mama. Juu nyeupe."

Mama mzee alifikiri. Maharage matatu yaliangukia bakulini.

"Basi ilikuwa nzuri," alisema. "Na ilikuwa na nafasi."