Niliambiwa nisugue vigae ving'ae, chaza wakavikataa

Wakuu, niaje. Sina mtu wa kufurahisha hapa, kwa hivyo mtapata vile ilikuwa, pamoja na ujinga wangu.

Mimi ni wa Kathiani. Hatuna bahari, najua. Mjomba hunikumbusha kila Krismasi: "Unasomea konokono wa chumvi, na sisi hapa maji tunabebewa na punda."

Project yangu ya mwisho chuoni niliifanyia Pwani: watoto wa chaza huchaguaje pa kukaa?

Mtoto wa chaza huogelea wiki mbili tatu hivi, kisha hushuka, anatoa mguu mdogo na kutambaa akipapasa. Asipopapenda, anaondoka. Akipapenda, anajigandisha hapo na hasogei tena mpaka kufa.

Supervisor alitaka vigae visafi vya kuwawekea tangini wakae. Nikavisugua kwa majivu, vile mama alitufunza kusugua sufuria kwa kikombe kimoja cha maji. Vikang'aa, nikajisifu.

Siku nne. Hakuna hata mmoja aliyekaa.

Supervisor akasema watoto ni wagonjwa, nibadilishe project. Hiyo ni kurudi nyuma mwaka mzima, na nyumbani walikuwa wameshatangazia kanisa lote kwamba nafuzu.

Nikamuuliza: wagonjwa vipi, na kamba chafu ya tangi hilo hilo imejaa chaza wadogo?

Akaniambia niache ubishi, nisugue hata hiyo kamba.

Sikusugua.

Nikatumbukiza nusu ya vigae baharini wiki nzima, mpaka vikashika utelezi, ule ute wa bakteria. Nusu nikaviacha vimng'arie yeye. Nikavirudisha vyote tangini na watoto wapya.

Asubuhi ya tatu, vyenye utelezi vilikuwa vimejaa vidoti hadi nikapotea nikihesabu. Visafi, vyote pamoja, vilikuwa na chaza wawili.

Siku ya kutetea project supervisor akaniuliza mbele ya wenzake, "Nani alikuruhusu kuchafua vigae?"

"Hakuna, Prof. Lakini chaza anachagua mara moja tu maishani. Nikaona nimsikilize yeye."

Mwenzake mmoja akacheka, akajifanya anakohoa. Nilipita. Supervisor alisaini bila kuniangalia, na sijaomba msamaha.

Nilichojifunza: kiumbe akikataa ulichompa, usikimbilie kusema ni mgonjwa. Kagua kwanza ulichompa. Na mwenye cheo pia hukosea, kama mimi na majivu yangu.

Wenye mnajua bahari kuliko mimi, nipingeni hapa chini. Lakini mje na kigae, si na cheo.