Kifafa, Tazama Mapepo

Sioni fahari kuwasimulia hili, na mkicheka pale mwanzoni sitawalaumu, maana siku ile nilikuwa hadi nimevaa tai.

Intaneti ndiyo kwanza ilikuwa imeingia Arusha, nami nilikuwa mkutubi kwenye maktaba ya chuo kidogo upande wa Usa River. Kazi yangu ilikuwa kuchukua makala za bure za mtandaoni, za kilimo, za afya, na kuziingiza kwenye katalogi kwa kanuni zile zile za vitabu, ili mtu akiandika neno moja la Kiswahili aletewe kila kilichopo. Sasa, kila makala inataka maneno yake ya mada, na kuyatunga kunachosha, basi mimi nikaona nisijisumbue (hapo ndipo nilipojichimbia shimo), nikachukua maneno ya kwenye kadi za zamani za maktaba, zilizoachwa na wakutubi waliotutangulia, nikayamwaga yote kwenye kompyuta bila kuyasoma.

Siku ya uzinduzi nikamwalika jirani yangu wa Sekei, Mama Neema, ambaye binti yake alikuwa na kifafa. Nilimwambia, "Njoo uone, madaktari wameandika kila kitu, na ni bure." Akaja na Neema, na pia mama mkwe wake, bibi wa Kimeru asiyeamini vidonge vya hospitali (mume alikuwa Mererani migodini, kwa hiyo neno la bibi ndilo lililokuwa la mwisho nyumbani).

Ukumbi ulijaa. Nikauliza nani atupe neno la kujaribia. Mama Neema akanyoosha mkono, akasema taratibu, "Tafuta kifafa, mwalimu."

Nikaandika. Ukutani, kwa herufi kubwa, ikatokea: KIFAFA, tazama MAPEPO, yaani anayetafuta kifafa aende kwenye mada ya mapepo, kama kadi ya zamani ilivyoandikwa.

Kisha mtu huko nyuma akacheka. Nami badala ya kuzima projekta nikajitia fundi, nikabofya ili tufike kwenye makala zenyewe, na kweli zikaja, ila zimepangwa katikati ya uchawi na laana. Jasho lilinitoka mpaka tai ikalowa.

Bibi akasimama. "Si niliwaambia? Hata mashine ya wasomi inajua!"

"Shikamoo bibi, hilo ni kosa langu mimi, siyo..."

"Usiniamkie. Umeshasema."

Neema alikuwa darasa la tano. Alikuwa ameukodolea macho ule ukuta, midomo inacheza, anasoma.

Nilirekebisha jioni ile ile, lakini bibi alikuwa ameshamchukua mjukuu wake, kapanda naye mlimani akaombewe, vidonge vikabaki kabatini Sekei. Hata mwezi haukuisha, Neema akashikwa na kifafa, akaangukia moto jikoni. Hakufa, namshukuru Mungu, lakini vidole vya mkono wa kulia havikukunjuka tena.

Nilikwenda hospitali na zile makala, nimezichapisha na kuzibana vizuri. Nikamweleza Mama Neema kwamba katalogi sasa iko sawa, ukiandika kifafa unaletewa maelezo ya madaktari.

Akasema, "Asante, mwalimu. Ila ile siku walikuwepo watu wote. Leo umekuja peke yako."

Ninachojua ni kwamba siingizi tena neno kwenye katalogi kabla sijajiuliza nani atakuja kulitafuta, na siku hiyo atakuwa amekaa na nani.