Fundi cherehani amgomea mwandishi aliyemfanya mwizi

Saa tatu asubuhi, tarishi mstaafu wa posta amesimama mlangoni kwa fundi cherehani, daftari kwapani, kofia mkononi. Ni mara ya nne wiki hii. Cherehani inanguruma, na mama mwenye nayo hainui macho.

"Hodi, dada."

"Mwizi hayupo. Ametoka kuiba."

Mzee huyu huandika vitabu vya aina mbili. Kuna vya upelelezi usio na damu: hupotea kengele ya shule au jogoo wa mwalimu mkuu, na mwizi hujulikana kabla chai haijapoa. Hivyo huuzika nakala mia tatu. Vingine ni historia ya mji. Hivyo husomwa na yeye na mkewe, na mkewe husinzia.

Miaka thelathini ya kugawa barua ilimfundisha kila mlango na mambo yake. Hapo ndipo alipoteleza. Katika kitabu cha mwisho, mwizi anakamatwa kwa sababu hukunja pindo mara tatu. Mji mzima, anayekunja pindo mara tatu ni mmoja tu.

"Sikutaja jina," anajitetea.

"Pindo langu ndilo jina langu," fundi anamjibu. "Siku hizi wateja wanapima kitambaa wakija, wanapima wakiondoka."

Sasa mzee anaandika historia ya soko la zamani lililoungua. Picha pekee iliyosalia imo sandukuni mwa fundi. Baba yake ndiye aliyeipiga. Wanaokumbuka maduka yalivyopangwa wamebaki wazee wengine wawili, nao hawasalimiani, sembuse kukubaliana.

"Nilimwambia mwizi amfanye kaka yangu," anasema mke wa mzee, aliyebaki nyumbani. "Yule hata ukimsingizia, hujakosea sana."

Leo mzee hakuja mikono mitupu. Anafungua daftari na kusoma sura ya kwanza ya kitabu kipya. Mpelelezi ni mama mmoja fundi cherehani, mwenye jicho kali kuliko sindano.

Cherehani inanyamaza.

"Na mwizi?"

"Tarishi mstaafu. Alikuwa akifungua barua za watu kwa mvuke wa birika."

Fundi anamtazama kwa mara ya kwanza wiki nzima. "Hiyo si hadithi, shemeji. Hiyo ni historia."

Mzee anakohoa, anaangalia kofia yake.

Picha haijatoka sandukuni. Itatoka, fundi anasema, siku atakapokisoma kitabu chote kikiwa kimechapwa, na mwizi asiponyoke ukurasa wa mwisho.

Mzee anajipa miezi mitatu. "Acha anitie mbaroni," anasema, akivaa kofia. "Mradi soko letu lionekane."